Baba Alipojaribu Breki Zangu

Baba alizisikia breki zangu kabla hajaniona. Nilikuwa bado kwenye kona ya chini, pale barabara inapoteremka kidogo kabla ya kufika getini kwetu. Nikabana breki zote mbili, na baiskeli ikatoa ile sauti yake. Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi, akauliza ni nani anayechinja nguruwe asubuhi yote hii.

"Ni mwanao," baba akamjibu. "Amekuja na ile nondo yake."

Ile nondo ni baiskeli ya resi niliyouziwa na mpangaji mwenzangu kule Moshono, mwalimu wa kigeni aliyekuwa anarudi kwao na hakuona namna ya kuipakia kwenye ndege. Ina matairi membamba na usukani uliojikunja kama pembe za kondoo dume, na ni nyepesi kiasi kwamba naibeba kwa mkono mmoja. Mimi nauza mapazia mjini. Kazi yenyewe ni kukaa, kupima kitambaa, kukaa tena. Nilipovuka arobaini daktari akaniambia mwili wangu unahitaji mazoezi. Alimaanisha nitembee jioni jioni. Mimi nikanunua baiskeli, na tangu hapo kila Jumamosi namwachia mwenzangu duka, napanda nayo hadi kwa wazazi wangu, juu kidogo ya Tengeru, kwenye kahawa na migomba.

Mama hakuwa na shida na baiskeli. Shida yake ilikuwa kaptula. Ukiendesha baiskeli ya namna ile unavaa kaptula ya kubana yenye sponji makalioni, na barabara ya kwetu inapita mbele ya kanisa, na baba ni mzee wa kanisa. Kwa hiyo tulikuwa na makubaliano. Nikikaribia kanisa nashuka, natoa khanga kwenye begi, najifunga, napita pale nikiikokota baiskeli kwa heshima zote. Nikishapotelea nyuma ya miti ya kanisa napanda tena.

"Shikamoo baba," nikasema.

"Marahaba. Hebu ilete hapa hiyo."

Baba aliendesha lori la chama cha ushirika maisha yake yote ya kazi. Mtu aliyeteremsha magunia ya kahawa kutoka mlimani kwenye tope la masika ana maoni yake kuhusu breki. Aliinama, akavaa miwani, akaangalia gurudumu la mbele, kisha la nyuma. Kwenye baiskeli yangu breki ni mipira minne, miwili kila gurudumu, inayobana rimu kutoka kushoto na kulia. Yangu ilikuwa imelika mpaka chuma kimeanza kutokeza, na chuma hicho ndicho kilichokuwa kikipiga kelele.

"Hizi si breki," akasema. "Hizi ni kumbukumbu ya breki."

Nikamwambia nina mipya kwenye begi. Nilikuwa nimeinunua jana yake kwenye duka la vipuri Sombetini, nikitaka kumpelekea fundi, ila fundi alikuwa amezungukwa na wateja nikaona nitamrudia wiki ijayo.

"Fundi wa nini? Na mimi nipo?"

Mama alimwangalia, akaniangalia mimi, akarudi jikoni. Nilipaswa kulielewa lile jicho.

Tulianza kwa kubishana. Mimi nilitaka kuipindua baiskeli, isimamie siti na usukani, kama nilivyoona kwenye video. Baba alikataa. Gari haliwekwi matumbo juu, alisema, likiwekwa hivyo ujue kuna ajali. Nikamwambia hii si gari. Akasema kitu chochote chenye breki ni gari. Mwisho tukatandika gunia chini ya mparachichi na kuiegemeza baiskeli kwenye shina, na kazi yote tukaifanya tukiwa tumechuchumaa, magoti yakilia kuliko breki.

Kisha akaleta sanduku lake la spana za lori. Ndogo kuliko zote ilikuwa na urefu wa mkono wangu. Alijaribu moja, akajaribu nyingine, akizisogeza kwenye nati ya breki kwa matumaini, mpaka mwenyewe akakubali kuzirudisha. Nikatoa funguo zangu ndogo kwenye kimfuko cha chini ya siti.

"Hizi ni za kufungulia nini? Saa?"

"Breki, baba."

Tukagawana. Mimi nikachukua gurudumu la mbele, yeye la nyuma. La mbele lilinichukua muda mfupi tu. Nililegeza nati, nikatoa mipira ya zamani, nikapiga rimu msasa kidogo kuondoa ule uchafu mweusi, nikaweka mipya na kuhakikisha inagusa rimu na siyo tairi. Nilijiona fundi kamili. Nilipogeuka kumwangalia baba, alikuwa amefumua kila kitu. Hakuna dereva anayefunga kifaa asichokijua ndani yake, aliniambia. Kila mpira ulikuwa umekaa ndani ya kijumba cha chuma, na yeye aliichomoa yote miwili akaipanga juu ya gunia, akawa anaipitia kwa kidole kama anayechagua kahawa.

"Kuna mshale umechorwa," nikamwambia. "Kwenye video walisema mshale unaelekea mbele."

"Simu yako imewahi kuendesha lori?"

Ni baba yangu, na asubuhi ilikuwa nzuri, na mlima ulikuwa umetoka mawinguni wote, jambo ambalo Meru haufanyi kila siku. Nikamwacha aendelee. Akaichomeka mipira kwenye vijumba vyake, akakaza nati, akavuta mkono wa breki. Gurudumu likasimama kimya. Akavuta tena. Kimya. Alitabasamu kama mtu aliyezima moto.

"Sasa tuijaribu," nikasema, nikanyoosha mkono kuchukua kofia yangu ngumu.

"Tunajaribu, ndiyo. Lakini kwenye gereji yetu aliyekuwa anajaribu ni dereva. Dereva ni mimi."

Alikuwa amevaa mabuti ya mpira ya kukatia majani ya ng'ombe. Akachomeka suruali ndani ya mabuti, akavaa kofia yangu juu ya kofia yake ya sufu, akapanda. Mama akatokeza mlangoni.

"Unakwenda wapi, baba yao?"

"Getini."

Na kweli alikwenda getini. Aliyumba mara ya kwanza, akajirekebisha, akafika getini amenyooka kama kijana. Geti lilikuwa wazi. Akapita. Nikamwona mgongo wake ukiinama juu ya zile pembe za kondoo, halafu barabara ikamchukua.

"Huko nako ni getini?" mama akauliza.

Nikainama kukusanya vifaa, nikifikiri atageukia kwa jirani. Hapo kwenye gunia nikaona skrubu ndogo kama punje ya mtama. Nikaichukua. Nikachukua na karatasi ya pakiti ya mipira, ambayo ilikuwa na mchoro, nikausoma kwa utulivu kwa mara ya kwanza. Kile kijumba cha chuma kina ukuta upande mmoja na upande mwingine kiko wazi, ndiko mpira unakoingilia. Ukuta lazima uwe mbele, ili gurudumu likiuburuta mpira wakati wa kubana, mpira ugonge ukuta ubaki. Na kwa usalama zaidi kuna skrubu ya kuushika. Nikakumbuka jinsi baba alivyoufunga ule wa kushoto. Uwazi ulikuwa mbele. Na skrubu yake ilikuwa mkononi mwangu.

"Mama, nipe ndala zako."

Viatu vyangu vya baiskeli vina vyuma chini, huwezi kukimbia navyo, unateleza kama mbuzi kwenye vigae. Mama akavua ndala zake, moja ya bluu na moja ya kijani. Nikatoka mbio.

Mtu wa kwanza kumkuta alikuwa mama anayeuza maparachichi njiapanda. Alikuwa bado amesimama, anaangalia chini barabarani.

"Mzee amepita?"

"Amepita. Nimemwamkia shikamoo. Marahaba yake nimeisikia akiwa ameshafika pale kwenye mti."

Nikaendelea. Mbele ya kanisa palikuwa na akina mama wakifagia kwa ajili ya ibada ya kesho, na ni pale walipoacha wote kufagia kwa pamoja ndipo nilipokumbuka kwamba khanga yangu imebaki kwenye begi. Hapakuwa na muda wa heshima. Nikawaamkia huku nakimbia, kwenye kaptula yangu ya sponji na ndala za rangi mbili.

"Amepita hapa baba?"

"Mbona amepita zamani," mmoja akasema. "Alikuwa anaomba."

"Hakuwa anaomba," mwenzake akamkatiza. "Alikuwa anacheka."

"Mtu anayecheka anafumba macho?"

Niliwaacha wakiendelea na hilo. Kidogo chini ya kanisa kuna vijana wa bodaboda, na mmoja wao alikuwa ameshawasha pikipiki kabla sijafungua mdomo. "Panda, dada," akasema. "Babu tumemwona. Alikuwa anacheka, mimi nimemsikia kabisa." Nikapanda. Njiani nilijaribu kujiandaa kwa nitakachokikuta. Nilifikiria mfereji wa maji, nikafikiria ukuta wa shule, nikafikiria nitamwambiaje mama. Ndala moja ilinidondoka na sikumwambia kijana asimame.

Tulimkuta chini kabisa, barabara inapotulia, kwenye kituo cha kukusanyia maziwa. Alikuwa ameketi juu ya kreti, mzima, kofia mbili kichwani, kikombe cha mtindi mkononi. Baiskeli ilikuwa imeegemezwa ukutani na wanaume kadhaa walikuwa wameizunguka. Nilisikia sauti yake kabla sijashuka kwenye pikipiki. Alikuwa anawaeleza tofauti ya breki za upepo na breki za waya.

"Umekuja," aliponiona akasema. "Breki nzuri sana. Kulikuwa na ng'ombe barabarani pale kwenye daraja dogo, wamejaa njia nzima. Nimebana, nikasimama pale pale nilipotaka. Yule mchungaji wao mwenyewe ameshangaa."

Nilipiga magoti mbele ya gurudumu la nyuma. Kile kijumba cha kushoto kilikuwa kitupu.

"Baba, mpira mmoja haupo."

"Ulikuwepo."

"Ulikuwepo ulipotoka nyumbani."

Akaja, akainama, akaingiza kidole ndani ya kijumba kuhakikisha. Wale wanaume nao wakainama.

"Nilipobana pale kwa ng'ombe nilisikia kitu kimetoka," akasema taratibu. "Nikadhani ni jino. Nikahesabu kwa ulimi, nikaona yote yapo, nikaendelea."

Mwanamume mmoja aligeuka akaangalia ukutani, mabega yakimtetemeka. Baba hakucheka. Alikunywa mtindi wake ukaisha, akarudisha kikombe, akaniambia twende tukautafute, mpira mpya hauachwi barabarani.

Kijana wa bodaboda alituuliza kama ampakie mzee. Baba akasema atatembea. Nikaikokota baiskeli peku mguu mmoja, tukaanza kupanda, macho chini. Ndala ya mama tuliikuta juu ya nguzo ya uzio, mtu mwema ameitundika, ya kijani. Mpira ulitugharimu muda zaidi. Ng'ombe walishapita na kuacha alama zao kila mahali, na mimi nilikuwa nimekata tamaa baba aliposimama, akakata jani la mgomba, akainama kwenye kinyesi kibichi akauchomoa.

"Huu hapa. Na hauna hata mkwaruzo."

Tulikwenda kuuosha mferejini. Maji ya mlimani ni ya baridi, yanauma vidole. Baba alikaa juu ya jiwe akiusugua mpira kwa mchanga, na kwa sababu alikuwa ameutazama muda wote huo mwishowe akauona mshale.

"Unajua kwa nini niliugeuza?" akaniuliza. "Una maandishi kwa pembeni. Nikiuweka ulivyotakiwa, maandishi yanakuwa kichwa chini. Nikaona vibaya. Mtu akipita atasema huyu fundi hajui kusoma."

Ndipo nikacheka, nikacheka mpaka nikakaa chini kwenye nyasi. Yeye akaendelea kusugua. Nilipotulia nikamuuliza kwa nini hakugeuza getini kama alivyosema.

"Nilitaka kugeuza," akasema. "Halafu nikaona barabara ipo wazi." Akausogeza mpira kwenye mwanga, akaukagua. "Siku hizi mimi nabebwa. Hospitali, nabebwa. Mjini, nabebwa. Mnaniweka mbele mnanifunga mkanda kama trei ya mayai. Sisemi ni vibaya. Lakini pale kwenye mteremko hakuna aliyenibeba."

Nikashika usukani upande mmoja, naye akashika upande wa pili, tukaisukuma baiskeli kupanda. Alihitaji kupumzika mara kwa mara na kila mara alisema ni mimi niliyechoka. Tulipopita mbele ya kanisa wale akina mama walikuwa wamemaliza kufagia lakini hawakuwa wameondoka. Baba aliwasalimia kwa sauti nzito ya mzee wa kanisa, wakamwamkia wote vizuri, wakasubiri tupite.

Nyumbani mama alikuwa ametenga chakula, loshoro, yale mahindi na ndizi zilizopondwa pamoja kwenye mtindi. Simu yake ilikuwa mezani na ilikuwa bado ina joto. Alimwekea baba bakuli, akaketi mbele yake.

"Umefika getini?"

"Nimefika."

"Geti la nani?"

Baba akala kijiko kimoja, akala cha pili. "Loshoro imekolea leo," akasema.

Baada ya kula tuliifunga breki upya. Alifanya yeye mwenyewe tena, safari hii ukuta mbele, uwazi nyuma, maandishi kichwa chini, na ile skrubu aliikaza amebana pumzi. Kisha akanipa mimi baiskeli niijaribu uani, akasimama mikono nyuma akinitazama. Ilisimama vizuri, bila mlio.

Nilipokuwa navaa viatu vyangu mama alikuja akachukua ndala zake, akazipangusa vumbi moja baada ya nyingine ingawa hazikuwa na vumbi jingi.

"Wameniambia alikuwa anacheka," akasema kwa sauti ya chini, baba asisikie. "Ni kweli?"

"Wawili wamesema anacheka. Mmoja amesema anaomba."

"Yule wa kuomba hamjui," mama akasema. "Akiomba hafumbi macho, anaangalia nani amechelewa." Akazivaa ndala. "Miaka yote ya lori alikuwa anakuja nyumbani usiku, amechoka, anakula analala. Huko barabarani alikuwa anachekaje, mimi sijui. Ningependa kuona."

Jumamosi iliyofuata nilifika nikakuta kigoda kando ya barabara, nje ya geti, na mama amekaa juu yake na sinia la mchele wa kuchambua mapajani. Alikuwa ameshaweka masharti. Baba angeenda kuanzia kwenye mwembe wa jirani mpaka kwenye kona yetu, sehemu ambayo haina mteremko wa maana, na si zaidi. Baba aliyapokea masharti kama mtu anayesaini mkataba. Akavaa kofia zake mbili, akachomeka suruali kwenye mabuti.

Alipita mbele ya mama amekaza uso, macho mbele, mdomo umefungwa. Akasimama kwenye kona, breki zikashika. Akageuka, akapita tena, vile vile.

"Hucheki," mama akamwambia.

"Nitachekaje ukinikodolea macho namna hiyo?"

Mama akafikiri kidogo. Kisha akakigeuza kigoda chake kikaelekea kwenye mikahawa, akaipa barabara mgongo, akaanza kuchambua mchele. Na mimi nikageuka nikaangalia upande ule ule. Tulikaa hivyo. Tukasikia cheni inaanza kuzunguka, tukasikia matairi yanakuja, na alipopita nyuma yetu tulimsikia. Mama hakugeuka. Aliacha tu kuchambua, mkono ukabaki juu ya sinia, mpaka baiskeli ilipofika kwenye kona.